SSDI ukiishi Mombasa: viwango vya 2026, mshahara wa hapa na duka la Kongowea

Mpwa wa Bamburi

Assalaam alaykum, hamjambo nyote. Namsaidia ami yangu makaratasi yake. Ni raia wa Marekani, alifanya kazi kule miaka mingi, sasa yuko Bamburi na analipwa SSDI, yaani malipo ya ulemavu ya Social Security ya Marekani, mwaka wa nne huu. Mwaka 2025 malipo yake yalikuwa dola 1,400 kabla ya kukatwa Medicare Part B, ile bima ya Marekani ya kulipia daktari. Tangu aanze kulipwa hajafanya kazi yoyote.

Barua ya nyongeza ya 2026 imefika. Watu wanasema asilimia 2.8, lakini kilichoongezeka benki ni dola 21. Kuna mtu kwenye kundi la WhatsApp anasema lazima ujaze fomu ndipo upate nyongeza yote, na anataka shilingi 3,500 kuijaza.

La pili ndilo kubwa. Ami amepata kazi ya hesabu kwenye kampuni ya kupitisha mizigo bandarini, shilingi 225,000 kabla ya makato, aanze Machi. Mkewe naye anataka wafungue duka la viungo Kongowea. Kuna aliyetuambia kwamba akivuka dola 1,690 mara moja tu anafutwa. Mwingine anasema ukiwa nje ya Marekani pesa haitazamwi, kikomo ni saa 45 kwa mwezi. Nani yuko sawa?

Na shangazi yangu yuko Minneapolis, anapokea SSI, ule msaada wa Marekani kwa wazee na walemavu wenye kipato kidogo. Anataka aje afunge Ramadhani yote hapa, ale Idi nasi, arudi katikati ya Aprili. SSI yake itaendelea?

Karani wa Tononoka

Wa alaykum salaam. Nianze na hiyo nyongeza, kwa sababu kuna mtu anataka kuwalia pesa bure.

Nyongeza ya gharama ya maisha haiombwi. SSA, idara ya Social Security ya Marekani, huitangaza mwezi wa Oktoba na huingia yenyewe. Hakuna fomu, hakuna ada, hakuna nyongeza "kamili" iliyofichwa mahali. Huyo anayetaka 3,500 pia atataka nambari ya Social Security ya ami na akaunti yake ya benki, na hapo ndipo hasara yenyewe ilipo. Msimpe chochote.

Hesabu ni hii. 1,400 ukiongeza asilimia 2.8 ni dola 1,439.20. Part B mwaka 2025 ilikuwa 185, mwaka 2026 ni 202.90. Kwa hiyo 2025 alikuwa akipokea 1,215, sasa 1,439.20 kutoa 202.90 ni 1,236.30, na senti huachwa, inabaki 1,236. Tofauti ni 21. Nyongeza ameipata yote, ila karibu nusu imemezwa na Medicare.

Na Medicare haimlipii daktari wa Mombasa. Anaruhusiwa kujitoa Part B, lakini afikirie kwanza: akirudi Marekani baadaye na kuitaka tena, ada itapanda asilimia 10 kwa kila miezi 12 kamili aliyokaa nje ya Part B, na kwa kawaida itabidi asubiri dirisha la Januari hadi Machi ajiandikishe. Kama hana nia ya kurudi, dola 202.90 kila mwezi ni pesa nyingi kulipia kitu asichokitumia. Kama huenda Marekani kwa matibabu kila mara, aiache ilivyo.

Bandarini

Hao wawili wote wamekosea. Tuanze na saa 45, maana hiyo ndiyo inayowachanganya watu wa Pwani kila mwaka.

Sheria ya saa 45 kwa mwezi ipo kweli, lakini ni ya wale wanaolipwa uzeeni kabla ya kufikisha umri kamili wa kustaafu, na ya wategemezi, wanapofanya kazi nje ya Marekani isiyokatwa kodi ya Social Security. Anayelipwa kwa ulemavu wake mwenyewe hupimwa kwa sheria za ulemavu hata akiwa Bamburi. Kwa hiyo pesa inatazamwa. Mshahara wa shilingi hubadilishwa kuwa dola na kupimwa kama wa mtu aliye Chicago. Ila kama mke wa ami naye analipwa kama mtegemezi kwenye rekodi ya mumewe, basi yeye saa 45 zinamhusu, na duka hilo litamgusa.

Sasa viwango. Viko viwili na watu huvichanganya. Kwa mwaka 2026:

Dola 1,210 kwa mwezi: ukivuka hapo, mwezi huo unahesabiwa kuwa mmoja wa miezi ya majaribio ya kazi. Mwaka 2025 ilikuwa 1,160.

Dola 1,690 kwa mwezi: hiki ndicho kikomo cha kazi yenye kipato kikubwa, ambacho kwenye barua za SSA huandikwa SGA. Kwa asiyeona ni 2,830. Mwaka 2025 vilikuwa 1,620 na 2,700.

Vikomo hivi havipandi kwa ile asilimia 2.8. Nyongeza ya malipo hufuata bei za bidhaa za Julai hadi Septemba. Vikomo vya kazi hufuata wastani wa mishahara ya Marekani. Ndiyo maana 1,620 imekuwa 1,690, kama asilimia 4.3. Usichukue kikomo cha mwaka jana ukakipandisha mwenyewe kwa asilimia ya nyongeza. Utapata nambari isiyokuwepo. Na kila mwezi hupimwa kwa kikomo cha mwaka wake: Desemba 2026 kwa 1,690, Januari 2027 kwa kile kitakachotangazwa Oktoba.

Mshahara wa ami: 225,000 kwa kiwango cha 129 ni kama dola 1,744. Hiyo ni kabla ya PAYE, NSSF, SHIF na makato ya nyumba. SSA hutazama mshahara ghafi, si kinachoingia benki. Watu wengi huandika kile walichokiona kwenye M-Pesa au benki, na miaka miwili baadaye hudaiwa.

Akianza Machi, mambo yatakwenda hivi. Machi hadi Novemba ni miezi 9 ya majaribio. Humo analipwa SSDI yote pamoja na mshahara wake, hata mshahara ukiwa mkubwa mara mbili, mradi aripoti na ulemavu uwe bado upo. Miezi hiyo 9 si lazima ifuatane. Huhesabiwa ile iliyo ndani ya miezi 60 yoyote inayofuatana. Kwa kuwa hajafanya kazi tangu aanze kulipwa, yote 9 anayo.

Desemba 2026 kinaanza kipindi cha miezi 36, hadi Novemba 2029. Mwezi wa kwanza humo anaovuka SGA, wanasema ulemavu "umekoma" kwa sababu ya kazi, lakini bado analipwa mwezi huo na miwili inayofuata. Kama ni Desemba, basi Desemba, Januari na Februari analipwa. Kuanzia Machi 2027, mwezi anaovuka hakuna malipo, mwezi anaoshuka chini malipo yanarudi bila maombi mapya. Baada ya miezi 36 kwisha, mwezi wa kwanza wa kuvuka ndio unaofunga faili. Hata hapo ana miaka 5 ya kuomba arudishwe kwa njia ya haraka, na anaweza kupewa malipo ya muda hadi miezi 6 wakati wanachunguza.

Kwa hiyo kuvuka 1,690 mara moja sasa hivi hakumfuti.

Jambo moja zaidi lenye nafuu: aliyelipwa SSDI miezi 24 au zaidi haitwi kwa uchunguzi wa kiafya kwa sababu tu ameanza kazi. Ami amepita hapo. Uchunguzi wa kawaida wa kila baada ya miaka kadhaa ndio unaobaki palepale.

Mpwa wa Bamburi

Bandarini, Mungu akubariki. Maswali mawili. Kwenye hiyo 225,000 kuna posho ya nyumba 40,000, nayo inahesabiwa? Na ami anatembea kwa magongo, matatu hawezi kupanda. Amepatana na mtu wa tuktuk shilingi 12,000 kwa mwezi kumpeleka kazini na kumrudisha. Dawa za maumivu ni 6,000. Zinapunguza chochote?

Bandarini

Posho ya nyumba inayolipwa pamoja na mshahara ni sehemu ya mshahara. Inahesabiwa. Kinachoondolewa ni malipo ya siku ambazo hakufanya kazi, kama likizo ya mwaka au ya ugonjwa, kwa sababu SGA hupima kazi iliyofanywa. Mwezi wa likizo, waombeni waajiri waandike siku hizo wazi kwenye hati ya mshahara.

Tuktuk na dawa ndipo faida yenu ilipo. Gharama anayoilipa mwenyewe, asiyorudishiwa na bima wala mwajiri, inayotokana na ulemavu na ambayo bila hiyo hawezi kufanya kazi, hutolewa kwenye mshahara kabla ya kulinganisha na SGA. Nauli ya kawaida ya kila mfanyakazi haikubaliwi. Tuktuk ya mtu asiyeweza kupanda matatu kwa sababu ya ulemavu inaweza kukubaliwa, na hapo barua ya daktari inayosema hivyo ndiyo inayobeba jambo lote. Barua isiandike "mgonjwa anahitaji usafiri" ikaishia hapo. Iandike hawezi kupanda ngazi ya matatu wala kusimama kituoni, na sababu yake ya kitabibu.

18,000 kwa 129 ni kama dola 139.50. 1,744 kutoa hizo ni 1,604 na senti. Yuko chini ya 1,690. Maana yake ni kwamba, kama vitu vyote vingebaki hivi, hata baada ya miezi ya majaribio SSDI ingeendelea. Lakini angalieni: katika miezi ya majaribio yenyewe gharama hizi hazitolewi. 1,744 imepita 1,210, mwezi umehesabiwa, basi.

Risiti. Mtu wa tuktuk hana mashine ya ETR, sawa. Mlipeni kwa M-Pesa, si taslimu, na kila mwezi chukueni taarifa ya M-Pesa ya PDF, pamoja na kikaratasi alichotia sahihi kinachosema safari za tarehe gani hadi gani, kutoka wapi kwenda wapi. Dawa ziwe na risiti ya duka la dawa yenye jina la dawa na cheti cha daktari. Kiwango cha shilingi kwa dola cha mwezi ule kiandikwe pembeni. Faili moja kwa kila mwezi, kwa sababu watauliza mwezi baada ya mwezi.

Kama wenzake kazini humfanyia sehemu ya kazi, au amepewa saa chache kwa mshahara uleule, mwajiri anaweza kuandika kwamba sehemu fulani ya mshahara ni msaada na si thamani ya kazi. Nayo hutolewa. Lakini iwe kweli. Watamwandikia mwajiri kumuuliza.

Mama Kongowea

Niongezee upande wa duka, kwa sababu hapo sheria ni nyingine na watu huumia zaidi kuliko kwenye mshahara.

Biashara yako mwenyewe, mwezi wa majaribio huhesabiwa kwa njia mbili: faida ikizidi dola 1,210, au ukifanya kazi zaidi ya saa 80 kwa mwezi. Moja tu inatosha. Duka la viungo linaweza lisiingize faida hata ya shilingi 30,000, lakini ami akikaa kaunta saa 4 kwa siku 21, amefika saa 84. Mwezi mmoja wa majaribio umekwenda na hakuna alichopata. Ukifanya hivyo miezi 9 ukiwa bado unatafuta wateja, umemaliza akiba yote kwa duka lisilolipa hata kodi ya kibanda.

Kuliandika duka kwa jina la mke hakumsaidii kama ami ndiye anayefungua asubuhi, anayeagiza pilipili manga na iliki, na anayeshika daftari. SSA hutazama nani anafanya kazi na kazi hiyo ina thamani gani, si jina la leseni ya kaunti. Kama kweli ni duka la mke, basi liwe la mke: leseni, till ya M-Pesa, akaunti, na ami asikae pale. Kupita kumsalimia mkewe si kazi. Kufunga hesabu za duka kila jioni ni kazi.

Kama watafanya pamoja, kuna daftari mbili za lazima. Moja ya saa: tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, alifanya nini. Nyingine ya pesa: mauzo, ununuzi wa bidhaa, kodi, umeme, usafiri wa mizigo, vibarua. Faida ndiyo huhesabiwa, si mauzo. Na kwa kuwa amelipwa zaidi ya miezi 24, SGA yake hupimwa kwa faida iliyobaki baada ya kutoa pia gharama za ulemavu na thamani ya kazi ya bure anayosaidiwa. Mke akishinda dukani bila mshahara, thamani ya kazi yake hupunguza hesabu ya ami. Wengi hawalitaji hili kabisa kwenye fomu, na ni haki yao.

Akiwa na mshahara na duka mwezi mmoja, vyote viwili hujumlishwa. Ushauri wangu ni wazi: kwa mshahara huo wa bandarini, ami asiguse duka katika kipindi hiki. Yuko chini ya SGA kwa dola 85 tu. Faida ya shilingi 12,000 kutoka dukani inatosha kumvusha.

Karani wa Tononoka

Sasa shangazi. Hapa majibu ni makali kidogo, na ni heri ayajue kabla ya kukata tiketi.

SSI si SSDI. SSDI humfuata raia karibu nchi yoyote. SSI hulipwa mtu aliye ndani ya Marekani. Akikaa nje siku 30 mfululizo, huhesabiwa yuko nje hadi arudi na akae ndani siku 30 mfululizo. Ramadhani yote na Idi, akifika kabla na kuondoka baada, zinamvusha siku 30.

Tuseme aondoke Februari 14 arudi Aprili 14. Machi yote hana haki. Aprili hana haki, kwa sababu siku 30 za kurudi hazijatimia. Malipo yanaanza tena katikati ya Mei, kwa sehemu ya mwezi. Na kuna mtego: Machi 1 mwaka huu ni Jumapili, kwa hiyo pesa ya Machi itaingia Februari 27, yeye akiwa hapa tayari, siku 30 hazijafika. Ataiona, ataitumia, kisha wataidai. Aiweke kando asiiguse.

Njia iliyo salama ni kuja chini ya siku 30: aje kumi la mwisho la Ramadhani, ale Idi, arudi. Kwa vyovyote aripoti tarehe za kuondoka na kurudi, na ahifadhi tiketi na mihuri ya pasipoti. Nyongeza ya kusema: SSI ikisimama miezi 12 mfululizo inafungwa na lazima aombe upya tangu mwanzo.

Kiwango cha SSI 2026 ni dola 994 kwa mtu mmoja na 1,491 kwa mume na mke. Kama anafanya kazi ndogo kule, hesabu haina miezi ya majaribio: toa 20, toa 65, kisha nusu ya kinachobaki ndiyo inayopunguzwa. Akipata 885, ukitoa 85 inabaki 800, nusu ni 400, SSI inakuwa 594. Mshahara wa mwezi huu hupunguza malipo ya baada ya miezi miwili, ndiyo maana wengi hudhani wamekatwa bila sababu.

Na mali. Kikomo ni dola 2,000 kwa mtu mmoja, hakijabadilika tangu 1989, wala nyongeza ya kila mwaka haikigusi. Kama kuna kiwanja cha urithi Kisauni na fungu lake limeandikwa kwa jina lake, ni mali, hata kiwe Mombasa. Aripoti. Mkimtumia pesa taslimu ni kipato. Chakula anachopikiwa na ndugu, tangu Septemba 30, 2024, hakihesabiwi tena.

Bandarini

Hili la mwisho kuhusu ami ndilo linalowakata watu malipo kuliko mshahara: fomu 7162. Anayelipwa akiishi nje ya Marekani hutumiwa kila mwaka au kila miaka miwili, kuuliza kama bado yu hai, anaishi wapi, amefanya kazi au la. Isiporudi, malipo husimamishwa. Kama sanduku la posta ni la jirani au la kazi ya zamani, barua hiyo haitafika. Badilisheni anwani leo kupitia kitengo cha mafao kinachohudumia Kenya, na muulize kila mwaka ifikapo katikati ya mwaka kama fomu imetumwa.

Kazi ikianza Machi, msingoje fomu hiyo. Ripotini mara moja kwa maandishi: jina la mwajiri, tarehe ya kuanza, mshahara ghafi, siku za kazi. Watamtumia fomu 821 ya mshahara, au 820 kama ni biashara. Wekeni nakala na uthibitisho wa kutuma. Wao huchelewa kupitia ripoti, mara nyingine mwaka mzima, na huku pesa inaendelea kuingia. Baada ya ile miezi mitatu anayolipwa ingawa amevuka, akiwa bado yuko juu ya SGA na pesa zinaendelea kuingia, si zake.

Ikija barua ya deni, ina njia mbili. Kama hesabu yao ina makosa, fomu 561 ndani ya siku 60. Kama hesabu ni sahihi lakini aliripoti mapema, hakuwa na kosa na hana uwezo wa kulipa, fomu 632 ya kuomba asamehewe. Fomu zote mbili zinaweza kwenda pamoja, na ile nakala ya ripoti ya Machi ndiyo ushahidi wake kwenye zote.

Na kuhusu KRA: kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu na msamaha wa kodi wa shilingi 150,000 za kwanza kwa mwezi ni haki yake hapa, auombe. Lakini kwenye fomu ya Marekani bado anaandika 225,000.